Sura ya Sita: Nani Ameshika Ufunguo?

Sanduku lile lilikuwa la mbao za mkaratusi, limepakwa rangi ya bluu iliyobaki baada ya kupaka madirisha ya ofisi ya kijiji. Juu lilikuwa na mwanya wa kupenyeza karatasi, mbele limeandikwa MAONI kwa chokaa, na pembeni likining'iniza kufuli dogo la shaba. Lilipigiliwa ukutani pale kwetu, kwenye vilima vya Mbulu ambako mwezi wa saba ukungu haunyanyuki hadi saa nne asubuhi, mwaka nilipokuwa kidato cha pili. Mwalimu wa uraia alitufundisha kwamba sanduku la maoni ni la mwananchi mwenye neno ambaye hataki kujulikana. Nikamwamini. Nikachana karatasi katikati ya daftari, nikaandika kwamba wazazi wetu wamechangia mabati ya zahanati misimu miwili na hakuna bati lililoonekana. Sikuweka jina. Nikaikunja mara nne, nikapita jioni ofisi ikiwa imefungwa, nikaitumbukiza.

Siku ya tatu baba aliitwa. Karatasi yangu ilikuwa mezani kwa mtendaji, imenyooshwa. Ilikuwa na pambizo jekundu upande wa kushoto, aina ya daftari tulilonunuliwa sisi wa sekondari tu, na kijijini kwetu mwaka ule wa sekondari tulikuwa wanne. Watatu walikuwa wasichana wa bweni, na shule zilikuwa hazijafungwa. Hesabu ikaisha hapo. Baba alionywa kwamba mtoto wake ana mdomo, akaomba radhi, akatoka.

Hakunipiga. Alitembea kimya hadi tulipovuka kijito, kisha akaniuliza, "Ufunguo wa lile sanduku anao nani?"

Ulikuwa kwa mtendaji. Sote tulijua. Ulining'inia kwenye kamba moja na funguo za ofisi, na mimi nilikuwa nimeuona mara nyingi.

Ndiyo maana nikisikia watu wanabishana juu ya wanaoandika mtandaoni kwa majina ya kubuni, swali la baba ndilo hunijia kwanza. Wengi huuliza huyu aliyejificha ni nani, na kwa nini asijitokeze kama mtu mzima. Swali halali, na nitalifikia. Lakini hakuna anayejificha kwa watu wote. Yupo daima mmoja anayemjua: mwenye jukwaa, kampuni ya simu, rafiki aliyeazimwa laini, mwalimu aliyepelekewa siri. Huyo ndiye aliyeshika ufunguo, na sehemu kubwa ya uadilifu wa jambo hili imelala mikononi mwake.

Tanzania tumewahi kumwona mwenye ufunguo akipandishwa kizimbani. Jukwaa ambalo leo tunaliita JamiiForums lilianzishwa mwaka 2006 na Maxence Melo na Mike Mushi, kwanza likiitwa Jambo Forums. Watu waliandika humo kwa majina waliyojitungia, na chini ya majina hayo wakasema mambo ambayo magazeti yalikuwa yakiyazunguka: mikataba, zabuni, fedha za umma. Mwaka 2008 waanzilishi hao walikamatwa na kompyuta zao zikachukuliwa. Kisha ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba mwaka huohuo, na kifungu chake cha 32 kikawapa polisi nguvu ya kudai taarifa za mtumiaji kwa mwenye mfumo. Polisi walidai. Walitaka majina halisi ya watu waliokuwa wameandika tuhuma dhidi ya makampuni binafsi. Melo akakataa kuyatoa. Tarehe 13 Desemba 2016 alikamatwa, akafikishwa Mahakama ya Kisutu, na kesi zake zikamburuta kwa zaidi ya miaka mitatu. Katika moja aliachiwa huru mwaka 2018. Aprili 2020 alitiwa hatiani kwa kuzuia upelelezi, akapigwa faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Novemba mwaka huohuo akatiwa hatiani katika nyingine, akaachiwa kwa masharti.

Sijawahi kuandika neno kwenye jukwaa lile. Naitaja habari hii kwa sababu mtu mmoja, mwenye jina lake na sura yake, alisimama mahakamani miaka yote hiyo akibeba majina ya watu ambao wengi wao hakuwahi kuonana nao. Wao walijificha, yeye hakuweza. Kila mara inaposemwa kwamba majina bandia ni kichaka cha waoga, namkumbuka. Kichaka hakikui bila mtu aliyesimama nje yake mchana kweupe.

Tangu hapo vichaka vimepungua. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka hata wenye vibanda vya intaneti waweke kamera, na wenye majukwaa wawe na namna ya kujua andiko limetoka kwa nani. JamiiForums ilijifunga kwa wiki kadhaa Juni ile. Halafu ukaja usajili wa laini kwa alama za vidole, uliofikia kikomo tarehe 20 Januari 2020. Nakumbuka foleni za siku zile, wazee waliovaa mashuka ya baridi wakisugua vidole kwenye suruali kwa sababu mashine haikusoma. Vidole vya mtu aliyeshika jembe miaka hamsini vimelika, mistari imefutika. Kijana wa usajili akawapaka mafuta, akajaribu kidole gumba, akajaribu cha pili. Siku hiyo kila mmoja aliyefanikiwa aliondoka na laini iliyofungwa kwenye mwili wake. Mtu anaweza kujiita Simba wa Nyika au Mtoto wa Hanang kwenye skrini. Nyuma ya jina hilo kuna kidole halisi, na kuna ofisi yenye uwezo wa kukisoma.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, jina bandia bado linasitiri kiasi. Huko mamilioni wanaweza kuwa wameandika. Kwetu hali ni nyingine, na wanaoandika juu ya faragha wakiwa mjini hawaioni. Ukiandika kwamba choo cha wasichana cha shule fulani ya kata huko Mbulu Vijijini kimejaa tangu mwezi wa tatu, wanaojua mwezi hawazidi watano. Ukiandika Kiswahili chenye lafudhi ya Kiiraqw, lugha ya huku kwetu, kuna anayejua umetoka upande gani wa bonde. Karatasi yangu ilikuwa na pambizo jekundu, na kila andiko la kijijini lina pambizo lake. Kwa hiyo mtu wa Dongobesh au Bassotu anayeamua kusema bila jina anacheza kamari kubwa kuliko anavyodhani, na yeyote anayemshawishi aseme lazima amwambie hivyo kwanza.

Sasa nifike kwa wanaouliza kwa nini asijitokeze. Wazee wetu wana hoja hapa, na sitaki kuipita haraka. Kwa Wairaqw mwenye neno husimama akaonekana. Katika shughuli kubwa mzee huitoa slufay, ile dua ndefu ya baraka, na mstari kwa mstari watu wanamwitikia. Baraka haitoki gizani, na lawama vilevile. Anayelaumu huangaliwa usoni, hupimwa kwa aliyoyatenda jana, na anayelaumiwa anajua amjibu nani. Mzee mmoja aliniambia kwamba tuhuma isiyo na mwenyewe ni kama ng'ombe asiye na alama aliyekutwa shambani: kila mtu atamfukuza, hakuna atakayelipa mahindi yaliyoliwa. Sina jibu jepesi kwa hoja hiyo. Mahindi huwa yameliwa kweli.

Lakini hata mila zetu hazijasema kwamba jina litamkwe kila mahali na kila wakati. Kwa Wadatoga, ambao Wabarbaig wa Hanang ni sehemu yao, mwanamke akishaolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala majina ya wakwe wengine wanaostahili heshima hiyo. Hukwepa hata maneno ya kawaida yanayofanana kwa sauti na majina hayo, akatumia maneno mengine ambayo wanawake wenzake wanayajua. Wataalamu wa lugha waliokaa Mbulu wamekuta msamiati mzima uliojengwa hivyo. Hapo kulificha jina ni adabu, na anayelificha yuko wazi kabisa.

Kuna jambo jingine la Wabarbaig ambalo George Klima, mwanaanthropolojia aliyekaa nao miaka ya 1950, aliliandika: baraza la wanawake. Mwanamume akitenda kosa linalohesabiwa kuwa limewagusa wanawake wote, wanawake hukusanyika, huijadili kesi wenyewe, humtoza mkosaji faini ya ng'ombe, na kwa pamoja hufika bomani kwake kuidai. Mke aliyetendewa hasimami peke yake mbele ya mume mwenye fimbo. Anasimama ndani ya umati ambao kila uso wake unajulikana. Nimelifikiria sana baraza hilo. Tunabishana kama vile mtu ana njia mbili tu, aseme peke yake kwa jina lake au ajifiche peke yake nyuma ya jina la kubuni. Mabibi wa Hanang walikuwa na ya tatu, na sisi wenye simu mkononi tumeshindwa kuitengeneza upya.

Anayesimama kwa jina lake hulipa, na si wote hulipa sawa. Miaka ya 1970 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilipanua kilimo cha ngano kwenye tambarare za Bassotu chini ya shirika la NAFCO, na mashamba saba yakameza takriban ekari 100,000, nyingi zikiwa malisho ya Wabarbaig na baadhi zikiwa na makaburi ya wazee wao. Mwaka 1981 Baraza la Kijiji cha Mulbadaw na watu 67 walifungua shauri Mahakama Kuu, Arusha. Walijiorodhesha, watu wa ng'ombe ambao wengi wao maisha yao yote hayakuwahi kuandikwa popote. Walishinda. Shirika likakata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaubatilisha ushindi ule. Miongoni mwa sababu, wanakijiji walikuwa hawajathibitisha kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya sheria. Watu waliosimama kwa majina yao kwenye ardhi yenye makaburi ya mababu zao waliambiwa hawajaonyesha wao ni nani. Anayemwambia Mbarbaig kwamba mtu mwadilifu hutaja jina lake aikumbuke hukumu hiyo kwanza.

Ukitaka kuona upande wa pili, kumbuka Mei 2022. Flatei Massay, wakati huo mbunge wa Mbulu Vijijini, alichoka kuomba barabara ya lami ya Mbulu hadi Haydom, akasimama bungeni Dodoma na kupiga sarakasi mbele ya taifa. Watu wengi waliangalia kichekesho. Mimi niliangalia mwanamume aliyejua kwamba Ibara ya 100 ya Katiba inamlinda kwa lolote atakalosema ukumbini mle. Alilolisema ndilo linalosemwa kila masika na dereva wa lori aliyekwama kwenye tope na mama mjamzito aliyefungwa kwenye machela ya pikipiki. Hao hawana Ibara ya 100. Mwaka 2016, Arusha, mtu aliyeandika maneno ya kumtukana Rais kwenye Facebook alihukumiwa kulipa shilingi milioni 7 au kwenda jela miaka mitatu. Sisemi tusi ni hoja. Nasema mwananchi wa kawaida hujifunza bei ya jina lake kwa kutazama waliolipa kabla yake, na akiamua kulificha, amefanya hesabu ambayo mbunge hahitaji kuifanya.

Ipo siri ambayo kwangu haina mjadala kabisa. Kwa hesabu za utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16, mkoa wetu wa Manyara uliongoza nchi nzima kwa ukeketaji: wanawake 58 katika kila 100. Katika utafiti wa mwaka 2022 tulikuwa tumeshuka hadi 43, wakati wastani wa nchi ni 8. Sheria ya kukataza kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18 ipo tangu mwaka 1998. Kinachokosekana ni mtu wa kusema kabla ya wembe, na anayejua kwamba msichana fulani atafanyiwa Desemba hii shule zikifungwa ni shangazi yake, dada yake, jirani, mwalimu wa darasa. Akisema kwa jina lake, hatakaa tena kwenye arusi ya ukoo ule, na huenda hatakaa kijijini. Namba 116 ya kuwasaidia watoto ipo, bure, na sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ipo. Mwambie huyo shangazi kwamba kujificha ni woga, kisha umweleze yule msichana.

Lakini angalia anachokifanya shangazi huyo akiipiga namba ile. Anamnong'oneza mtu mwenye kazi ya kuchunguza. Habandiki jina la ngariba mbele ya watu 200. Tofauti hiyo nilijifunza kwa makosa, na kosa lilikuwa langu.

Miaka michache iliyopita ulinifikia ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la kata yetu. Ulikuwa na ile mishale miwili inayoonyesha kwamba umeshapita mikono mingi. Ulisema nesi wa zahanati moja, na ukamtaja kwa jina na kwa kabila, anauza dawa za serikali kwenye duka la mdogo wake, ndiyo maana wagonjwa wanaambiwa hakuna. Haukuwa na mwandishi. Mimi nilikuwa nimetoka kumpeleka mtoto wa kaka yangu palepale, tukakosa dawa, tukanunua mjini kwa pesa ya kukopa. Nilikuwa na hasira. Niliusambaza kwenye makundi matatu, na juu yake nikaongeza neno moja: "Tumechoka."

Fikiria ujumbe ule kwa kanuni ambayo watu wema huitaja, kwamba asiye na nguvu anaruhusiwa kujificha anapomsema mwenye nguvu. Mimi naikubali kanuni hiyo. Ukimtaja mtu huku wewe umejificha, umejipa silaha ambayo yeye hana, na silaha hiyo inamfaa mnyonge aliyebanwa na mwenye mamlaka, juu ya jambo la mamlaka hayo. Basi nesi alikuwa nani? Kwa mgonjwa aliyelala kwenye benchi, nesi ni serikali. Ana funguo za kabati, ana muhuri, anaweza kukuambia urudi kesho. Aliyeandika ujumbe ule pengine alijiona kweli kuwa mnyonge anayesema juu ya mkubwa. Lakini nesi yuleyule, ujumbe ulipoanza kukimbia, alikuwa mwanamke mmoja aliyepanga chumba kwa watu ambao si ukoo wake, mgeni katika wilaya, ambaye mshahara wake na uhamisho wake vimo mikononi mwa mtu mwingine. Nguvu zilihama njiani. Asubuhi alikuwa mkubwa; jioni walimpigia mawe bati la nyumba.

Dawa, ikaja kujulikana, zilikuwa hazijafika kabisa robo ile. Fomu za kuagiza zilikuwepo, zimesainiwa, nakala zimebaki kwenye faili lake.

Nilikwenda kwake siku ya Jumapili. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa uani, anachambua maharage kwenye ungo, na nilipoingia hakuinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mwalimu."

Nilimweleza nilichofanya. Alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea kutoa mawe kwenye maharage, jiwe moja moja, anayaweka kwenye kifuniko cha chupa. Nilipomaliza akaniuliza, "Nani aliandika?"

Nikamwambia sijui, ulinifikia vile vile ulivyo.

"Mimi nilionyeshwa simu," akasema. "Juu palikuwa na jina lako. La mwingine sikuliona."

Alisema polepole, wala hakuwa na hasira ya kunifukuza. Akanipa maji ya kunywa. Jioni ile niliandika kwenye makundi yote matatu, kwa jina langu, kwamba nilieneza uongo, na kwamba nimeziona fomu. Wachache walijibu. Uongo ulikuwa umekwenda mbio siku mbili. Ukweli ulikaa palepale nilipouweka. Kabla ya mwaka kuisha mama yule aliomba uhamisho.

Tangu siku ile siamini tena kwamba ujumbe usio na jina hauna mwenyewe. Mwenyewe ni wa kwanza mwenye jina aliyeubeba. Aliyeuandika alijificha nyuma yangu, na mimi nilimpa mgongo wangu bila kuuliza. Nikikutana na tuhuma iliyokuja peke yake, isiyo na karatasi wala namba wala mtu ninayeweza kumpigia akanieleza ameona nini, haivuki simu yangu, hata kama ndani yangu naamini ni kweli. Hasa kama naamini ni kweli.

Jina la kubuni lenyewe silichukii. Washairi wetu wameishi na lakabu tangu enzi za Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923. Amiri Sudi Andanenga alijulikana kwa wasomaji kama Sauti ya Kiza, na hakuna aliyedhani kwamba sauti hiyo haina mwenyewe. Mshairi akilaumiwa kwa lakabu yake alijibu kwa lakabu hiyohiyo. Aliijenga, aliilinda, aliona haya kwa ajili yake. Wapo watu mtandaoni waliolishika jina moja la kubuni kwa miaka kumi na zaidi, wakikosea wakikiri, wakikosolewa wakijibu, na jina hilo lina heshima kuliko vyeti vingi. Anayefungua jina asubuhi ili atukane na kulitupa jioni anafanya kazi nyingine kabisa, hata kama vyombo ni vilevile.

Na yapo majanga ambamo jina halina maana hata kidogo. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuupiga mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Waliopiga picha wakiwa juu ya mapaa wakazituma hawakuwa na muda wa kujitambulisha, na wala hatukuwauliza. Picha ilijitosheleza. Sauti zilizofuata, za watu wasiojulikana waliosema kwa uhakika mkubwa kwamba mlima umelipuka volkano na utalipuka tena, hizo zilihitaji jina, na cheo, na sababu ya kuaminiwa. Wanajiolojia wa serikali walikwenda wakapima, wakasema sehemu ya mlima ilinyonya maji ikameguka. Hapakuwa na volkano. Walisema kwa majina yao. Wakati ule kulikuwa na familia zilizokwishabeba watoto usiku kukimbia mlipuko ambao haupo, huku ndugu zao wengine hawajafukuliwa.

Siku hizi ufunguo ninao mimi. Kundi la WhatsApp la kijiji lina watu 180 na zaidi, nami ni mmoja wa wawili wanaolisimamia. Mwaka jana, usiku wa saa tatu, mama mmoja anayeuza mboga aliniandikia faraghani. Bomba la kwao halijatoa maji wiki ya tatu, na fedha ya ndoo bado inakusanywa. Aliomba niliweke jambo hilo kundini, nisimtaje. Shemeji yake yumo kwenye kamati ya maji.

Sikuliweka usiku ule. Nilimuuliza kama kuna mwingine zaidi yake anayejua kwamba fedha inakusanywa, akasema nyumba zote za upande ule, kama thelathini. Nikapumua, maana thelathini ni wengi wa kutosha kumsitiri. Nilimuuliza kama ana risiti. Alinipigia picha tatu. Nikamwomba azipige upya akiwa amefunika namba ya nyumba. Nikamuuliza kama anamtuhumu mtu kwa jina. Akasema hapana, yeye anataka maji. Asubuhi nilipita kwa mwenyekiti wa kamati, nikampa nafasi ya kueleza, akaniambia pampu iko kwa fundi Babati. Nikaandika yote mawili, malalamiko na maelezo, na kwamba mkutano mkuu wa kijiji unaokuja usomewe mapato na matumizi ya maji kama ilivyo haki yake kila miezi mitatu. Chini nikaweka jina langu.

Saa moja jioni simu iliita. Alikuwa shemeji mwenyewe, mtu ninayemheshimu, tumesoma wote shule ya msingi.

"Mwalimu, nani kakuambia?"

"Ninamfahamu," nikamwambia. "Ukiwa na hasira, kaka, nikasirikie mimi. Jina langu liko pale chini."

Alikaa kimya muda mrefu. Nilisikia ng'ombe wake wakiingia zizini, na mtoto akiwahesabu kwa sauti. Kisha akasema tutaonana kwenye mkutano, akakata.

Nilifungua ule ujumbe wa mama wa mboga, nikausoma mara moja ya mwisho, nikaufuta, na zile picha tatu nikazifuta. Namba yake nikaihifadhi upya. Kwenye simu yangu anaitwa Fundi Baiskeli.